Ujumbe Umepokelewa

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha wanangu wote watatu kwa kufuata umri wao ili pasitokee ugomvi. Sisi huku miili ni mizima. Shemeji yako anakohoa kwa ajili ya vumbi la karakana, ingawa yeye anailaumu sabuni yangu ya kufulia, na maadamu bado ana nguvu za kulaumu, najua haumwi. Mama nilimpigia Jumapili. Aliniuliza habari zako mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu kuwa hujambo. Je, mgongo unaendeleaje? Na yule binti yetu wa kati, jino la mbele limeshaota, au bado anacheka kwa kuziba mdomo?

Najua utashangaa kupokea barua ya mkono kutoka kwangu, mimi ambaye hata orodha ya sokoni naiandika kwenye simu. Wiki hii nimekupigia mara nne. Kila mara nilipoisikia sauti yako ikiniita Chiriku, nilianza kukuuliza kama kwenu mvua imenyesha. Mtu akifika mahali pa kumuuliza dada yake wa tumbo moja habari za mvua, basi ana jambo ambalo hajaweza kulisema. Ninakuomba uketi, usome ukiwa peke yako, na usome mpaka mwisho hata kama katikati utatamani kuichana.

Nianze na kazi, kwa maana mambo yote yalianzia kazini. Wewe unaijua Tarishi kama kile kifaa cheusi chenye kioo kilichowekwa pale kituoni kwenu, ukaambiwa andika, bonyeza, subiri jibu. Kwetu sisi kifaa kile kilikuwa mkono tu. Tarishi yenyewe ni programu inayokaa kwenye kompyuta moja kubwa, ile tunayoiita seva, kule hospitali. Inapokea ujumbe kutoka vituo vyote vidogo, inautunza, kisha inaupeleka kwa dereva wa gari la wagonjwa au kwa daktari wa zamu. Ni programu huria, yaani haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuisoma mstari kwa mstari, kuirekebisha na kuitumia bila kupiga magoti kwa mtu. Jambo hilo ndilo lililonivutia tangu mwanzo, nawe ulikuwa ukinitania kwamba nimepata kazi ya kujenga nyumba isiyo na mlango.

Tulikuwa watu watatu katika chumba kilicho juu ya duka la magodoro. Wa kwanza ni yule tunayemwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu miaka kumi na minne kabla ya kuanza kuandika programu. Ndiye aliyeianzisha Tarishi, na bado akikasirika hutafuta chaki. Wa pili alikuwa Kasoro. Jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa hata ukimpa glasi ya maji ataiinua kwenye mwanga aitazame kwanza. Kazi yake ilikuwa kujaribu kila tulichokiandika mpaka kivunjike, kisha aandike kilivunjika vipi. Wa tatu nilikuwa mimi. Wengine walikuwa mbali, katika nchi ambazo sijawahi kufika, na tuliwajua kwa maandishi yao tu. Mmoja tulimwita Mkato, maana kwa mwaka mzima hakututumia chochote isipokuwa masahihisho ya alama za uandishi.

Mwaka jana Mwalimu aliahidi mbele ya mkutano wa watu wa afya kwamba toleo la awali lingekuwa tayari kabla ya mwezi kwisha. Toleo la awali ni ile programu unayoitoa ikiwa bado mbichi, ukiwaambia watu waziwazi kuwa ni mbichi, ili waitumie mahali pachache na kukuonyesha pabovu. Sehemu ya kupokea na kutunza ujumbe nilikuwa nimeiandika mimi. Ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa nzito kama mzee anayepanda ngazi. Kila ujumbe ulipofika, seva iliuandika kwanza kwenye diski, ikahakikisha umeandikika, ndipo ikajibu kwamba umepokelewa. Vituo ishirini vikituma kwa pamoja, foleni ilikuwa ndefu na vingine vilikata tamaa. Zilipobaki siku nane, Mwalimu aliniambia kwamba hawezi kusimama mbele ya madaktari na kitu kinachosinzia, na kama nina ujuzi wowote niliouficha, huu ndio wakati wa kuutoa.

Nikautoa. Nilibadilisha mpangilio. Seva ikawa inajibu kwanza, kisha inaushika ujumbe kichwani na kuuandika kwenye diski pamoja na wenzake kila baada ya nusu dakika. Ni kama mtu wa mapokezi anayekugongea muhuri wa kupokea huku barua yako bado ameishika mkononi, akingoja zijae mkononi ndipo aziingize zote daftarini kwa mkupuo. Foleni ikaisha. Mwalimu alikuja nyuma ya kiti changu, akatazama namba zikishuka, akasema sasa hii ndiyo Tarishi aliyokuwa akiiota. Nitakudanganya nikisema sikufurahi. Nilijisikia mtu.

Kasoro hakufurahi. Alinung'unika, akaijaribu kwa siku mbili, akaandika taarifa yake, tukatofautiana. Siku tatu kabla ya kutoa toleo alikusanya kikombe chake na ule mto wa kiti alioshonewa na mama yake, akatuaga kwa adabu, akaondoka. Mwalimu alisema huyo akipewa pepo ataomba aikague kwanza. Tukacheka, na mimi nilicheka kumzidi.

Toleo likatoka Alhamisi. Tulitafuta mahali pa kulijaribia, nami nikakitaja kituo chenu, bila kusema kwamba nina dada pale. Unakumbuka nilivyokubembeleza. Nilikuambia kituo chenu kinafaa sana, kiko mbali, simu haishiki, na ile redio ya upepo mnayoitumia kuita hospitali huwa inakoroma kuliko kusema. Ulikwenda mwenyewe kwa daktari mkuu kuniombea. Baadaye nilisikia ulimwambia kwamba mdogo wako ndiye anayeitengeneza, kwa hiyo aiamini kama anavyokuamini wewe. Redio ikapelekwa stoo. Sikukuambia uiache mezani. Mtu mwenye akili timamu angekuambia.

Siku ile ya msiba unaijua kuliko mimi, nami sitaki kukurudisha katika chumba kile. Naieleza tu kama ilivyokuja kutufikia sisi. Ilikuwa Jumatano mchana. Ulikuwa peke yako na mama mjamzito aliyeanza kutokwa na damu. Wewe ulisema tangu siku ya kwanza kwamba uliomba gari saa nane na kitu, kioo kikakuandikia kuwa ujumbe umepokelewa, ukarudi kitandani kwa mgonjwa ukiamini gari liko njiani. Ulipoona kimya umezidi ukatuma tena. Hospitali walikuwa na ujumbe mmoja tu, ule wa saa kumi na dakika tano. Gari lilifika saa kumi na moja. Mtoto mlimwokoa. Mama yake alifia njiani, kabla ya daraja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako.

Kamati ya kuchunguza kifo kile ilipokaa, swali lilikuwa moja tu: kwa nini mkunga wa miaka kumi na tisa kazini alikaa saa mbili bila kuita gari? Katibu wa kamati alituandikia akiomba taarifa ya seva. Mwalimu alinikabidhi mimi barua ile kwa sababu sehemu ya kupokea ni yangu. Hakujua kwamba mkunga aliyetajwa ni dada yangu. Mimi natumia jina la mume wangu, wewe la wako, na huko hospitali aliyejua udugu wetu ni daktari mkuu, aliyekuwa amehamishwa. Ningeweza kusema. Nilifunga mlango, nikaandika sentensi moja, ambayo naijua kwa moyo: "Kumbukumbu za seva hazionyeshi ujumbe wowote kutoka kituo hicho kabla ya saa kumi na dakika tano." Nikatia sahihi.

Jioni ile ulinipigia. Uliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani au msikitini, kwamba huna wasiwasi kwa kuwa anayeangalia ni mimi. Ulisema, "Mdogo wangu, hebu angalia vizuri, ujumbe upo tu." Nikakujibu kwamba nimeangalia vizuri, na hakuna kitu. Kisha ukaniuliza kama nimekula.

Walikusimamisha, halafu wakakuondoa kabisa. Mimi nilijidanganya kwamba watakupa onyo, likawa barua ya kufukuzwa. Nikajidanganya kwamba barua itakatiwa rufaa, ukakataa kukata rufaa. Shemeji alinieleza kwamba umepata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na kwamba ndugu wa marehemu, ukiketi nao benchi moja, wao husimama wakaondoka. Yote hayo niliyasikia nikiwa mbali. Niliyameza, nikaendelea kwenda kazini, nikaendelea kula.

Mwezi uliopita nilikuja kuwatembelea siku tatu, kama unavyokumbuka. Jumamosi asubuhi tulitoka mimi na wewe kwenda kumnunulia binti yetu viatu. Ulifunga kufuli, ukalivuta. Tulipofika kwenye kona ulisimama, ukasema unarudi kuangalia kama umefunga. Ukarudi. Tulipofika kwenye duka la dawa ulisimama tena. Nilikuambia nimekuona kwa macho yangu ukifunga, ukatabasamu, ukaniambia, "Mimi siku hizi mikono yangu siiamini. Naweza kuapa nimefanya kitu, kumbe sijakifanya." Ukarudi mara ya pili, na kabla hatujavuka barabara, mara ya tatu. Mimi nilibaki pale mbele ya duka la dawa na boksi tupu la viatu vya zamani mkononi, la kutazamia namba ya kipimo. Mchana, wakati unaosha vyombo, shemeji alinivuta uani akaniambia, huku akilia, kwamba jiko unalizima na kulikagua mara nne, mara tano. Akasema jambo baya kuliko yote ni kwamba huoni tena kuwa ulionewa. Umeanza kuwaambia watu kwamba huenda kweli uliandika ujumbe ule ukasahau kubonyeza. Unasema labda kile ulichokiona kwenye kioo kilikuwa cha siku nyingine.

Dada, ulibonyeza.

Ulibonyeza saa nane na dakika kumi na mbili mchana, nami nimelijua hilo tangu wiki ya pili baada ya msiba. Ni miezi kumi na moja sasa.

Sasa nakuambia yote. Taarifa ya Kasoro niliyoigusia juu ilikuwa hivi: aliketi na seva ya majaribio, akatuma ujumbe, akasubiri jibu la kupokelewa, kisha akachomoa waya wa umeme ukutani. Alifanya hivyo mara kumi. Mara nne ujumbe ulikuwa umetoweka kabisa, kama haujawahi kutumwa, kwa sababu seva ilikuwa bado imeushika kichwani na haijauandika popote. Na kwa vile kifaa cha kituo kilikuwa kimeshaambiwa umepokelewa, nacho kilikuwa kimeufuta kwake. Kasoro aliandika kwamba programu hii inatoa ahadi kabla ya kuwa na uwezo wa kuitimiza. Mimi niliandika chini ya taarifa yake kwamba umeme wa hospitali una jenereta, nikaifunga, yaani nikaihesabu imekwisha.

Lakini hata kuifunga kulikuwa na dawa. Unapotoa toleo la awali unaandika waraka unaokwenda nalo, na ndani yake kuna orodha ya hitilafu zinazojulikana, ili mtu ajue anachokipokea. Waraka ule niliuandika mimi. Orodha ilikuwa na vipengele kumi na tisa. Mwalimu aliutazama akasema daktari akisoma orodha ndefu namna hii atakimbia kabla ya kufika chini, nipunguze yale madogo. Hakuniambia nipunguze lipi. Kipengele cha kumi na moja kilisema: umeme ukikatika ghafla, ujumbe uliokwisha kujibiwa kuwa umepokelewa unaweza kupotea; hakikisheni mna njia nyingine ya mawasiliano. Nilifuta vinne vidogo kweli, kisha nikakifuta na hicho. Nilikifuta kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na mkono wangu mimi, na kwa sababu nilikuwa nimesifiwa. Mstari ule ungeonekana na daktari mkuu. Wewe mwenyewe ungeusoma, maana wewe ndiye mtu pekee ninayemjua anayesoma karatasi za ndani ya boksi la dawa. Redio isingekwenda stoo.

Siku ile hospitali umeme ulikatika saa nane na dakika kumi na mbili. Jenereta iliwaka baada ya muda mfupi, watu wakaendelea na shughuli zao, wala hakuna aliyeona kuwa jambo limetokea. Niliiona saa hiyo kwenye kumbukumbu za seva, nikailinganisha na ile saa nane na kitu uliyoitaja wewe katika barua ya katibu. Nilijua hapo hapo, kabla ya kuandika ile sentensi ya kamati. Sentensi ile ilikuwa ya kweli neno kwa neno, na niliichagua kwa sababu hiyo.

Hata hivyo nilijipa moyo kwamba kujua moyoni si ushahidi. Basi nikaenda kuutafuta, nikiomba nisiupate. Ujumbe wenu hupita kwenye mnara ule wa kilimani kabla ya kufika hospitali, na mnarani kuna kompyuta ndogo inayohesabu kila kinachopita. Haisomi maneno. Inaandika saa, umetoka wapi, unakwenda wapi, na una urefu gani. Fundi wa mnara alinitumia karatasi ya siku ile bila kuniuliza ni ya nini. Saa nane na dakika kumi na mbili ujumbe mmoja ulitoka kituoni kwenu kwenda hospitali. Saa kumi na dakika tano ukapita mwingine. Urefu wake ni ule ule, herufi kwa herufi. Ulirudia maneno yale yale, dada. Baada ya kusubiri saa mbili na mtu anakufa mikononi mwako, hukuongeza hata herufi moja ya hasira.

Karatasi ile niliitia kwenye droo, chini ya nyaya. Siku ya tisa baada ya msiba niliurudisha mpangilio wa zamani kwenye programu, kuandika kwanza na kujibu baadaye, nikatafuta njia nyingine ya kupunguza foleni, na ilipatikana kwa siku mbili tu. Siku mbili. Katika maelezo ya mabadiliko niliandika "maboresho madogo ya uhifadhi." Hakuna aliyeuliza isipokuwa Kasoro, ambaye kumbe alikuwa bado anatusoma kutoka huko aliko. Aliniandikia mstari mmoja: naona umeurudisha, kwa nini sasa? Sikumjibu.

Nilipotoka kwenu mwezi uliopita sikwenda nyumbani. Niliteremka kwenye basi na begi langu, nikaenda moja kwa moja kwa Kasoro. Siku hizi anatengeneza mashine za kuchapa risiti kwenye kibanda kidogo karibu na posta. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja. Alisikiliza akiwa na bisibisi mkononi. Hakunigombeza. Aliniuliza yule mama alikuwa na watoto wangapi, nikamwambia huyo aliyeokolewa ni wa tatu. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba na yeye alikosa, kwa sababu aliona hatari akachukua mto wake akaondoka, badala ya kupiga kelele mpaka watu wamchoke. Nilimwambia asijitwishe mzigo wangu. Akasema hajitwishi wangu, anabeba wake. Taarifa yake ya awali alikuwa ameitunza, na tarehe yake. Akanipa nakala.

Mwalimu nilimwambia Jumatatu. Alisimama, akatafuta chaki ambayo haipo. Akaniambia Tarishi sasa iko katika vituo ishirini na sita, imetengemaa, inaokoa watu kila wiki, na nikitangaza jambo hili hospitali zitaizima na kurudi kwenye redio zinazokoroma, na katika kurudi huko watakufa wengine ambao hatutawajua. Aliniomba ningoje mpaka toleo kamili litoke. Hakusema kwa ubaya. Huenda hata hesabu yake ni sahihi, maana hesabu ndiyo kazi yake. Nilimjibu kwamba mimi nimeshangoja miezi kumi na moja, na nimeona kungoja kunafanya nini mikononi mwa mtu. Akaniomba basi nisiyataje majina ya wengine. Nikamwambia sina jina la kutaja isipokuwa langu.

Jumanne nilipeleka mwenyewe kwa katibu wa kamati karatasi ya mnara, taarifa ya Kasoro, waraka wa kwanza wenye vipengele kumi na tisa na ule uliotoka wenye kumi na nne, pamoja na maelezo yangu yenye sahihi. Jana niliandika hivyo hivyo kwenye ukurasa wa programu ambapo wote wanaoitumia watasoma. Nimejiondoa Tarishi. Katibu aliisoma barua yangu nikiwepo. Alipofika kwenye jina lako alinitazama, akaniuliza sisi ni nani kwa nani. Nilipomwambia, aliishusha karatasi, asinitazame tena. Alisema faili litafunguliwa upya tarehe kumi na nne na wewe utaitwa kwa barua. Hakuahidi kwamba utarudishiwa kazi. Alisema kazi yako imeshapewa mtu, na mtu huyo hana kosa. Sitaki kukutia matumaini ambayo sijayaona.

Kwa mume wa marehemu sijaenda. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua. Lakini atakayemwambia ni mimi. Tafadhali usinitangulie kwa huruma zako, maana nakujua.

Dada, wewe ndiye uliyenilea mama alipokuwa akilazwa. Wewe ndiye uliyenipeleka darasa la kwanza ukasimama dirishani mpaka mwalimu akakufukuza. Sijui ni kitu gani kilichonifanya niisikie sauti yako ikisema upo tu, nikajibu hakuna. Nimekitafuta nikikiita woga, nikakiita aibu, na yote mawili yamo, lakini bado kuna kitu kingine chini yake ambacho sikipatii jina. Nilipendezwa na kuonekana hodari, na nikakuacha wewe uonekane mzembe ili mimi nibaki hivyo. Sentensi hii nimeiandika mara tatu na kuikata; acha ibaki ilivyo.

Msamaha siuombi humu. Nitakuja tarehe kumi na mbili kwa basi la asubuhi, nitashukia stendi, nitalala huko huko stendi kwenye vyumba vya wageni, na siku ya kumi na nne nitakuwa mlangoni kwa kamati. Ukitaka kuniona kabla ya hapo, mtume shemeji. Usipotaka, nitakuona ndani ya chumba cha kamati, na hapo nitayasema haya yote ukiwa unasikia.

Msalimie sana shemeji, na mwambie kwamba alipolia uani sikuweza kumtazama kwa sababu ya haya niliyoyaandika humu. Wape watoto salamu za mama yao mdogo, kwa kiasi utakachoona kinafaa. Kwa mama nitakwenda mwenyewe Jumapili.

Ndani ya bahasha nimekunja nakala ya karatasi ya mnara. Ina mistari mingi ya namba, usihangaike nayo. Wako ni wa nne kutoka juu. Nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimekuandikia saa kwa maneno ili usikosee. Itie mfukoni mwa nguo unayovaa kila siku. Kila utakapoitilia shaka mikono yako, itoe, uisome.

Ni mimi mdogo wako,

Chiriku